MDHARAU MWIBA MGUU HUOTA TENDE
Simu ya Mkononi na Ulinzi wa Miguu ya Wenye Kisukari

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia)





1. Utangulizi

Huenda baadhi yenu mmeshangaa kuona Tume ya Haki na Amani, ambayo imezoea kuzungumza nanyi juu ya mashamba, mirathi, rushwa na uchaguzi, leo inazungumza juu ya nyayo za miguu. Naomba mnivumilie. Mtu anapopoteza mguu kwa sababu ya kidonda ambacho kingeweza kupona kwa kusafishwa, kufungwa vizuri na kupumzishwa mapema, hatuwezi kusema tu kwamba hiyo ni bahati mbaya. Yatupasa tuulize: nani alikiona kidonda hicho kwanza, ni siku ngapi zilipita, na kwa nini zilipita? Maswali hayo ni maswali ya haki.

Katika miaka ya karibuni yamesemwa mengi juu ya simu ya mkononi kama chombo cha kulinda afya. Wapo wanaoitukuza kana kwamba itaponya kila kitu, na wapo wanaoidharau kama kichezeo cha vijana. Neno langu kwenu leo ni moja. Simu inaweza kuuokoa mguu, lakini kwa sharti kwamba upande huu yupo mtu anayeutazama mguu kila siku, na upande ule yupo mtu anayejibu. Mmoja wao akikosekana, simu haina msaada.

2. Kisukari kinaufikiaje mguu?

Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu, hasa ile mirefu inayofika miguuni. Mgonjwa huanza kuhisi kuchomachoma, kisha ganzi, na mwishoni hahisi kitu. Mishipa hiyo hiyo ndiyo inayoamuru jasho, hivyo ngozi ya mguu hukauka na kupasuka kisiginoni. Misuli midogo ya mguu hudhoofika, vidole hujikunja, na uzito wa mwili huangukia mahali pachache. Mahali hapo pakiota sugu, chini ya sugu hiyo nyama huweza kupondeka taratibu bila mwenyewe kujua. Pamoja na hayo, mishipa ya damu huwa myembamba, na damu inayopaswa kuleta uponyaji hufika kidogo.

Basi, mwiba mmoja, kokoto moja ndani ya kiatu, au makaa yaliyoruka jikoni hutosha. Mwenye miguu mizima angepiga kelele na kuukunja mguu. Huyu huendelea kutembea. Kidonda huingiwa na vijidudu, usaha hupanda, mfupa huoza, na siku anapofika hospitali daktari hana tena cha kuokoa ila maisha.

Jambo hili tulifundishwa zamani na ugonjwa mwingine. Daktari Paul Brand, mpasuaji aliyewahudumia wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, baada ya Vita Kuu ya Pili, alionyesha kwamba mikono na miguu ya wagonjwa wale haikuwa ikioza yenyewe kama watu walivyodhani. Ilikuwa ikiumizwa kila siku, na wenyewe hawakuhisi. Maumivu ni mlinzi. Mlinzi akiondoka nyumbani, mwizi huingia mchana. Kwa mwenye ganzi miguuni, yatupasa kumwekea mlinzi mwingine, na mlinzi huyo ni jicho.

3. Hali yetu

Kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari yaliyotolewa mwaka 2025, watu wazima milioni 589 duniani walikuwa na kisukari mwaka 2024. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, karibu 9 walikuwa na ugonjwa huu. Barani Afrika zaidi ya nusu ya walio nao hawajui kwamba wanao. Maana yake ni kwamba wapo wanaojifahamu kuwa na kisukari siku ile tu kidonda cha mguu kinapokataa kupona.

Wataalamu waliokusanya tafiti za nchi nyingi mwaka 2017 walikadiria kwamba kati ya wagonjwa 100 wa kisukari, 19 hadi 34 watapata kidonda cha mguu wakati fulani maishani mwao. Na utafiti wa Marekani wa mwaka 1990 ulionyesha kwamba zaidi ya miguu 8 kati ya kila 10 iliyokatwa kwa ajili ya kisukari ilianza na kidonda. Hapo ndipo penye tumaini letu: kidonda hutangulia, na kukatwa hufuata. Kati ya hayo mawili kuna muda, na muda huo unaweza kutumiwa vizuri au ukapotezwa.

Hapa kwetu tunaye mtu aliyelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi, Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha taarifa juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Panya anatafuna mguu wa mtu, na mtu hazinduki! Anaamka asubuhi anakuta damu kwenye shuka. Taarifa hiyo inatuonyesha mambo mawili kwa pamoja: jinsi ganzi ilivyo kali, na jinsi nyumba ya maskini isivyomlinda. Daktari huyo pia alikuwa miongoni mwa walioanzisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpango ulioitwa Step by Step, uliofundisha madaktari na wauguzi wa mikoani, wawili wawili, kazi ya kutunza miguu. Msingi wa mpango ule haukuwa mashine. Ulikuwa kumweka karibu na mgonjwa mtu aliyefundishwa.

Sasa tuangalie siku zinavyopotea. Tuchukue mfano wa mama mkulima aishiye mbali na hospitali. Siku tatu za kwanza hajui kwamba ana kidonda, kwa kuwa kiko chini ya unyayo. Wiki moja anakificha, akiona aibu ya harufu au akiogopa kuwasumbua watoto. Wiki nyingine anaweka majani, au chumvi, au anakanda kwa maji ya moto ambayo hayasikii. Kisha anatafuta nauli. Akifika zahanati anafungwa bandeji na kuambiwa arudi Jumatatu, wala hakuna aliyempima sukari. Anapopata rufaa, mwezi umekwisha. Mdharau mwiba mguu huota tende, walisema wahenga. Lakini mama huyu hakuudharau mwiba. Hakuuhisi, na sisi tulio karibu naye hatukuutazama.

4. Simu inaweza kufanya nini?

Tuseme wazi kwanza kwamba hatuzungumzii simu za bei kubwa peke yake. Hata simu ndogo ya vitufe yenye tochi ina kazi yake. Kazi za simu katika ulinzi wa mguu ni nne.

*(a) Kukumbusha.* Ujumbe mfupi wa maneno unaweza kumkumbusha mgonjwa kila jioni: tazama nyayo zako, pitisha kidole katikati ya vidole, kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano walianzisha mpango wa kutumia simu dhidi ya magonjwa ya kudumu. Senegal ilianza kutuma ujumbe kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 2014, wakati wa mfungo wa Ramadhani. Hapa Tanzania, tangu mwaka 2012 akina mama wajawazito walianza kupata ujumbe wa bure kupitia mpango wa Wazazi Nipendeni. Kwa asiyejua kusoma, sauti hufanya kazi ile ile. Mjukuu anayempigia bibi yake simu kila Jumapili na kumwuliza, “Bibi, umetazama miguu?” tayari anatumia teknolojia ya afya.

*(b) Kuona.* Mzee mwenye mgongo mgumu hawezi kuuona unyayo wake. Tochi ya simu humulika penye giza, na kamera humwonyesha asichoweza kuinamia. Picha ikipigwa kila wiki na kuhifadhiwa, hulinganishwa na ya wiki iliyopita, na hapo mabadiliko huonekana. Mguu uoshwe na kukaushwa kwanza. Apigaye picha akae mahali penye mwanga wa mchana, aweke kitambaa cha rangi moja chini ya mguu, apige moja ya mguu mzima na moja ya karibu, na aweke rula kando ya kidonda bila kukigusa.

*(c) Kulinganisha joto.* Kabla kidonda hakijafunguka, mahali panapopondeka huwa pa moto kuliko mahali hapo hapo katika mguu wa pili. Nchini Marekani tafiti zilizochapishwa mwaka 2007 ziliwapa wagonjwa kipimajoto cha kupima nyayo nyumbani. Tofauti kati ya mguu na mguu ilipozidi nyuzijoto 2.2 za Selsiasi, mgonjwa alipunguza kutembea na kumpigia simu muuguzi. Katika utafiti mmoja, waliopata vidonda tena walikuwa takriban 8 kati ya 100, ilhali waliotunzwa kwa njia ya kawaida walikuwa takriban 29 kati ya 100. Baadaye vikatengenezwa vitanda vidogo vya kukanyagia vinavyopima joto na kupeleka taarifa vyenyewe. Katika utafiti wa mwaka 2017 chombo cha namna hiyo kiliashiria vidonda 97 kati ya 100, kwa wastani wa siku 37 kabla havijaonekana, ingawa pia kilitoa tahadhari nyingi ambazo hazikufuatwa na kidonda. Vyombo hivyo ni vya ghali na haviko kwenye zahanati zetu. Lakini kanuni yake twaweza kuitumia: mgongo wa mkono ukiwekwa kwenye mguu mmoja na kisha mwingine, hutambua tofauti kubwa ya joto. Mkono hauna usahihi wa kipimajoto, ila ni afadhali kuliko kutopima kabisa. Ikiwezekana mkono huo uwe wa mtu mwingine, kwa kuwa mikono ya mgonjwa nayo huweza kuwa na ganzi.

*(d) Kuita.* Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Simu huondoa safari ya bure. Mganga wa zahanati anaweza kumwuliza daktari wa wilaya, mgonjwa anaweza kujua kama aende leo au kesho, na hospitali inaweza kumngoja ikiwa tayari.

5. Simu haiwezi kufanya nini?

Ndugu zangu, yatupasa kuwa wakweli. Yapo majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu ambayo hayakuleta matokeo yaliyotazamiwa, nayo yanatufundisha kuliko yale yaliyofaulu.

Nchini Peru, wagonjwa walipewa vipimajoto vya miguu, na nusu yao wakaongezewa ujumbe wa simu na sauti za kuwakumbusha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba ujumbe ule haukupunguza vidonda. Kukumbushwa peke yake hakukutosha.

Nchini Denmark, wagonjwa 401 wenye vidonda waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilifuatiliwa zaidi nyumbani, wauguzi wakipeleka picha na taarifa hospitali. Kundi la pili lilihudhuria kliniki kama kawaida. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba vidonda vilipona kwa kiasi kilekile, na waliokatwa walilingana. Lakini katika kundi la kufuatiliwa kwa mbali walifariki watu 8, na katika kundi la pili mtu 1. Watafiti hawakuweza kueleza sababu kwa hakika. Swali moja twaweza kujiuliza: anayetazama picha ya mguu, je, anamwona mtu mzima, uso wake, pumzi yake, moyo wake?

Tena, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa wataalamu picha za vidonda zilizopigwa kwa simu, ukalinganisha majibu yao na ya waliomwona mgonjwa mwenyewe. Ilionekana kwamba picha peke yake si ya kutegemewa. Picha haina harufu, haina joto, haionyeshi kina cha kidonda wala haihisi mapigo ya damu. Na kwa ngozi yetu nyeusi kuna jambo la ziada: vitabu vingi husema “tazama wekundu”, lakini wekundu huo kwetu mara nyingi hauonekani. Sisi tutazame uvimbe, ngozi inayong'aa, mahali palipokuwa peusi zaidi kuliko kawaida, na zaidi ya yote joto.

Lakini yapo pia ya kutia moyo. Huko Norway, mwaka 2018, wagonjwa waliotunzwa na wauguzi wa karibu na makwao, wauguzi hao wakiunganishwa na wataalamu wa hospitali kwa simu na kompyuta, walipona kwa muda sawa na wa kliniki, na waliokatwa walikuwa wachache zaidi. Tofauti yake ni nini? Kule muuguzi alikuwapo kando ya mgonjwa, na mtaalamu alikuwapo upande wa pili. Simu iliwaunganisha watu wawili waliokuwa tayari kazini.

Hatuhitaji kwenda mbali kulithibitisha hili. Mwaka 2009 na 2010, katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, zahanati na vituo vya afya 129 viliripoti kila wiki kwa ujumbe wa simu kiasi cha dawa za malaria kilichobaki. Vituo vilivyopungukiwa angalau aina moja ya dawa vilikuwa 78 kati ya 100 mwanzoni. Baada ya wiki 21 vilikuwa 26 kati ya 100. Ujumbe ule ulifaa kwa sababu ofisi ya wilaya iliusoma na kupeleka dawa.

6. Maswali ya haki

*Simu iko mkononi mwa nani?* Katika familia nyingi simu ya nyumbani ni ya baba au ya kijana. Bibi mwenye kisukari hana. Mpango wowote unaodai kila mgonjwa awe na simu ya kisasa unawaacha nje wale wale ambao miguu yao iko hatarini zaidi. Kwa hiyo tuseme tangu mwanzo: mpango uanze na simu ndogo na sauti ya mtu, na picha ziwe nyongeza.

*Nani analipa?* Gharama ya vocha ni ndogo kwa mwenye mshahara. Kwa asiye nao, ujumbe wa kuuliza juu ya kidonda hushindana na chumvi ya nyumbani. Ni haki namba ya zahanati iwe ya bure kwa mgonjwa, au muuguzi ampigie yeye akiona ameitwa.

*Siri inalindwaje?* Picha ya kidonda ni sehemu ya mwili wa mtu. Haipaswi kuwekwa kwenye kundi la simu la Jumuiya ili “watu wamwombee”, hata kama nia ni njema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Picha ipelekwe kwa mhudumu mmoja anayehusika, kwa ridhaa ya mgonjwa, na ikishatumika ifutwe kwenye simu ya jirani aliyesaidia kuipiga.

*Nani anatumia simu kuwanyonya wagonjwa?* Kupitia simu hizi hizi huja matangazo ya dawa za “kumaliza kabisa kisukari” na “kukausha kidonda kwa siku tatu”. Mgonjwa anauza mbuzi, anatuma pesa, anaacha dawa za hospitali. Viongozi, msinyamaze juu ya jambo hili. Anayemwuzia mgonjwa tumaini la uongo anamwibia pesa, na pamoja na pesa anamwibia zile siku ambazo mguu wake ungeweza kupona.

*Nani anajibu?* Hili ndilo swali zito. Kumfundisha mgonjwa kutuma taarifa mahali pasipo na mjibuji ni kumdhulumu mara mbili. Kabla ya kuwaambia watu wapige, tuhakikishe kwamba simu itapokelewa.

7. Tufanye nini?

Haya ninayoyapendekeza hayahitaji mfadhili wa kutoka nje.

Kwanza, kila mwenye kisukari awe na jicho la pili. Mtu mmoja wa nyumbani au jirani, aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe, atazame nyayo zake kila jioni: juu, chini, kisigino na katikati ya vidole. Kila Alhamisi Kuu tunaosha miguu ya watu kumi na wawili mbele ya altare. Tutakuwa tumelielewa tendo hilo vizuri zaidi ikiwa nyumbani tutaigeuza miguu ya wazee wetu na kuutazama unyayo.

Pili, tufanye jaribio la vidole. Liligunduliwa huko Ipswich, Uingereza, likachapishwa mwaka 2011, na halina gharama. Mgonjwa afumbe macho. Mwingine amguse kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, bila kusukuma wala kutekenya, kwenye ncha za vidole vitatu vya kila mguu: kidole gumba, cha katikati na kidogo. Vyote ni sita. Mgonjwa aseme kila anapoguswa, na ni mguu gani. Akishindwa kuhisi viwili au zaidi, huenda ameingiwa na ganzi. Apelekwe kliniki akapimwe zaidi, hata kama hana kidonda.

Tatu, tufundishane desturi za kila siku. Usitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Pima maji ya kunawa kwa kiwiko, si kwa mguu. Kausha katikati ya vidole. Paka mafuta ngozi kavu, lakini si katikati ya vidole. Kata kucha kwa kunyoosha, usichimbe pembeni. Usikate sugu kwa wembe. Usiote moto miguu. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro, na mabaki ya chakula yasilale chumbani, kwa sababu ya panya.

Nne, tuwe na kanuni ya siku moja. Kikionekana kidonda, lengelenge, uvimbe, joto la upande mmoja, usaha, harufu au weusi, simu ipigwe siku hiyo hiyo na mgonjwa aonwe na mhudumu ndani ya saa 24. Akiwa na homa au weusi unaoenea, aende hospitali mara moja bila kungoja kujibiwa. Mguu uliovimba na kuwa wa moto bila kidonda chochote nao ni hatari, kwa maana mifupa inaweza kuwa inavunjika ndani bila maumivu. Mgonjwa asiukanyage mpaka aonwe.

Tano, tukubaliane na zahanati au hospitali iliyo karibu juu ya namba moja ya simu. Ijulikane nani anaishika, kwa saa zipi, na nani anashika zamu asipokuwapo. Kuwe na daftari la kuandika nani alipiga, saa ngapi, na alijibiwa nini. Hospitali na zahanati zilizo chini ya Kanisa ziwe za kwanza katika jambo hili, kwa kuwa hatuwezi kuidai serikali tusilolifanya wenyewe. Vijana wa VIWAWA wenye simu za kisasa wafundishwe kupiga picha na kutunza siri.

Sita, mfuko wa Jumuiya utenge nauli. Mara nyingi kinachotenganisha kidonda kidogo na kukatwa mguu ni nauli ya kwenda wilayani.

Saba, tudai kwa adabu na kwa uthabiti. Wajumbe wetu walio katika kamati za usimamizi za vituo vya afya waulize: je, kila mgonjwa wa kisukari anavuliwa viatu na kuangaliwa miguu anapohudhuria kliniki? Je, kuna uzi wa nailoni wa kupimia ganzi? Je, kuna vifaa vya kufungia vidonda na dawa za kuua vijidudu? Je, rufaa inachukua siku ngapi? Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na yaulizwe tena kikao kijacho.

8. Hitimisho

Mguu ni kazi ya mtu. Mkulima, mchuuzi, mvuvi na mama wa nyumbani wote husimama juu yake kutafuta mkate. Anapokatwa mguu mmoja, mara nyingi mtoto mmoja huacha shule ili amhudumie, na shamba moja hubaki pori. Ndiyo maana tunalihesabu jambo hili kuwa la haki. Simu tunazo. Tusingoje teknolojia kubwa itakayokuja, wala tusiamini kwamba hii tuliyo nayo itatufanyia kazi ya kupendana. Tukiutazama mguu jioni na kupiga simu asubuhi, na simu hiyo ikapokelewa, tutakuwa tumeokoa zaidi ya mguu mmoja.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika Jumuiya yetu, ni nani wanaojulikana kuwa na kisukari na wameridhia kusaidiwa? Ni nani jicho la pili la kila mmoja?

2. Mtu akipata kidonda cha mguu leo jioni, atampigia nani? Namba hiyo tunayo? Tumewahi kuijaribu?

3. Ni mambo gani yanayowafanya wagonjwa wetu wachelewe: aibu, nauli, dawa za kienyeji, au jinsi wanavyopokelewa kituoni? Lipi kati ya hayo tunaweza kuliondoa sisi wenyewe kabla ya mwezi huu kwisha?

4. Tumewahi kusambaza picha au habari za mgonjwa kwenye simu zetu bila ridhaa yake? Tuweke kanuni gani?

5. Wajumbe wetu katika kamati ya kituo cha afya watauliza maswali gani kwenye kikao kijacho, na nani atatuletea majibu?